Redio ya Kazini: Namna ya Kuchagua Inayostahimili Vumbi, Mvua na Kuanguka

Redio inayokaa juu ya kabati sebuleni na redio inayokwenda shambani ni vitu viwili tofauti, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Ya sebuleni ina umeme wa ukutani, haiguswi na mvua, na kuanguka kwake ni ajali. Ya shambani hufungwa kwenye keria ya baiskeli, hutundikwa kwenye tawi la mwembe, hukalishwa juu ya rundo la matofali, hula vumbi jekundu la Handeni mchana kutwa na hurashiwa na mvua za masika. Kuanguka kwake ni jambo la kila wiki. Anayenunua redio ya kazini kwa vigezo vya sebuleni hurudi dukani baada ya miezi michache.

Makala haya ni kwa wanaofanya kazi nje katika wilaya za Handeni na Korogwe: mkata mkonge wa Ngombezi, fundi ujenzi wa Manundu, mchimbaji mdogo wa Magambazi, mfugaji wa Msomera, mama lishe wa Segera, na mkulima anayekesha shambani kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Kazi zao hazifanani, lakini wote wanahitaji redio inayoshika stesheni pale walipo, inayopata nguvu kutoka kitu walicho nacho, na inayotengenezeka karibu nao. Spika kubwa, taa za rangi na urembo mwingine vinakuja baada ya hayo matatu.

Kwa nini redio, wakati simu ipo

Simu ina mambo mengi, lakini kusikiliza redio kupitia intaneti hula bando na humaliza chaji, na kuna mabonde ambayo mtandao haufiki. Redio haidai bando. Betri zikiwa nzima, inasema kutwa.

Taifa hili linaujua uzito wa chombo hiki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kujikinga na malaria. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Na si mambo ya zamani tu. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kwa mikoa ya pwani, Tanga ikiwemo. Aliye shambani au machimboni wakati kama huo anahitaji kuisikia tahadhari palepale alipo, kabla hajarudi nyumbani. Utabiri wa msimu wa vuli na wa masika nao ni habari za shughuli: humsaidia mkulima kupanga siku ya kupanda na fundi kupanga siku ya kumwaga zege.

Anza na mawimbi

Kabla ya kushika redio yoyote dukani, jua unataka stesheni zipi na unafanyia kazi wapi. Sehemu kubwa ya stesheni za mkoa wa Tanga na za kitaifa zinapatikana FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa kati ya mnara na redio, sauti hufifia au hupotea kabisa. Ndiyo maana mtu wa Magoma, katika bonde la Lwengera lililobanwa na Usambara Mashariki upande mmoja na Usambara Magharibi upande wa pili, anaweza kukosa stesheni ambayo mwenzake wa Korogwe mjini anaipata bila mkwaruzo. Handeni nayo ina vilima vilivyotawanyika, na kusogea hatua chache kutoka nyuma ya kilima kunaweza kurudisha sauti.

Mawimbi ya kati, yanayoandikwa MW au AM, huifuata ardhi na kuvuka vilima kwa urahisi zaidi, na usiku hufika mbali sana kwa sababu tabaka la juu la anga huyarudisha chini. Mawimbi mafupi, SW, huvuka nchi na bahari. Lakini vituo vingi vilivyokuwa vikitumia mawimbi haya vimepunguza matangazo yake au vimehamia FM na intaneti. Kwa hiyo FM nzuri ndiyo ya lazima. MW na SW ni nyongeza inayofaa kwa anayekaa mbali sana na minara.

Redio nzuri ina uwezo wa aina mbili. Wa kwanza ni kunasa stesheni dhaifu. Wa pili ni kutenganisha stesheni zilizo jirani. Redio duni hushika stesheni moja yenye nguvu, kisha huisambaza kwenye nusu ya ubao wa masafa na kuzifunika nyingine zote. Utaligundua hili dukani: zungusha kitufe cha kutafutia stesheni taratibu kutoka 88 hadi 108 na uhesabu zinazosikika safi.

Itazame na antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena ya kuvuta hufanya kazi vizuri ikifikia robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Redio nyingi ndogo zina antena fupi zaidi, na ndiyo sababu huhangaika bondeni. Chagua yenye antena ndefu, inayozunguka kwenye kitako chake na iliyofungwa kwa skrubu, ili ikivunjika ibadilishwe. Ikivunjika ukiwa porini, waya wa shaba wenye urefu huohuo ukiufunga kwenye kisiki cha antena utakuvusha. Waya ulioupandisha juu ya mti au paa uchomoe mara unaposikia radi.

Kwa MW ni tofauti. Antena yake ni kijiti cheusi kilichomo ndani, hivyo kuivuta ya nje hakusaidii. Igeuze redio yenyewe mpaka sauti ikae sawa. Na ukiwa ndani ya kibanda cha bati au kontena, isogeze redio mlangoni, kwa kuwa bati huzuia mawimbi.

Jihadhari na redio za soko la nchi nyingine

Redio za mtumba zinaweza kuwa imara kuliko mpya, lakini soma ubao wake wa masafa kwanza. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mara nyingi huanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, hivyo stesheni zetu nyingi zitakuwa nje ya uwezo wake. Redio ya kutoka Uingereza inaweza kuwa ya mfumo wa dijitali unaoandikwa DAB, ambao kwetu si njia ya kawaida ya utangazaji; kama haina FM pia, iache. Redio za dharura za Marekani hujivunia bendi ya hali ya hewa, inayoandikwa WB au NOAA, ya megahezi 162 na ushei. Hiyo ni huduma ya huko. Utabiri wetu unatoka kwenye stesheni za kawaida, usilipie bendi hiyo. Na redio ya dijitali yenye MW iwe na uwezo wa kuruka kwa kilohezi 9, kama inavyotumika Afrika. Za Marekani huruka kwa 10, na kama hazina swichi ya kubadili zitazipita stesheni pembeni.

Hesabu ya betri

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hesabu yake ni rahisi. Redio hula umeme kwa kipimo cha miliampea, mA. Betri huhifadhi kwa kipimo cha miliampea-saa, mAh. Gawanya cha betri kwa cha redio, upate saa.

Redio nyingi ndogo hutumia betri bapa ya BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye simu za Nokia, yenye mAh 1,000 hivi. Redio ikila mA 100 kwa sauti ya kazini, utapata kama saa 10: siku moja ya kazi, basi. Sasa chukua redio ya betri nne kubwa, zile za tochi ya zamani. Betri kubwa ya kawaida ya kaboni yenye mAh 6,000 kwenye redio inayokula mA 60 hutoa saa 100, yaani siku 12 za kazi ya saa 8. Kumbuka kwamba betri nne zikipangwa kwa mfululizo huongeza volti, si mAh. Usizidishe 6,000 kwa nne. Na saa hizi ni za karatasini: ukipandisha sauti hadi mwisho, zinapungua.

Kabla ya kulipa, uliza redio inatumia betri gani na bei ya seti yake katika duka la kijijini kwako. Kama seti inakwisha kila baada ya siku 5, utanunua seti 6 kwa mwezi na zaidi ya 70 kwa mwaka. Mara nyingi redio ya bei ya chini inayokula betri sana humgharimu mwenyewe zaidi kuliko ya bei ya juu inayokula kidogo.

Usidanganywe na maandishi ya betri za kuchaji. Betri ya duara ya lithiamu ya saizi ya 18650, iliyo kubwa kidogo kuliko betri ndogo ya kawaida, huwa na mAh kati ya 2,000 na 3,500 ikiwa nzuri. Ikiandikwa 9,000, maandishi hayo ni ya uongo.

Aliye mbali na umeme achague redio ya betri kubwa au za kati, kwa kuwa zinapatikana kila genge. Aliye na umeme karibu anaweza kuchukua ya kuchaji, mradi betri yake itoke na kubadilishwa, na ichajiwe kwa waya wa kawaida wa simu. Redio yenye betri iliyogundishwa ndani hufa siku betri inapokufa. Iliyo bora kuliko zote ni inayokubali njia mbili: ya kuchaji na ya betri za dukani.

Mafundi seremala na wa ujenzi wana njia nyingine. Kampuni za zana kama Makita, DeWalt na Bosch hutengeneza redio za eneo la ujenzi zinazotumia betri zilezile za volti 18 za drili zao. Ni imara, zina fremu ya mpira na sauti ya kutosha. Kama tayari una drili ya kampuni hiyo, utakuwa na chaja moja na betri za kupokezana. Kama huna, gharama ya betri na chaja peke yake ni kubwa, fikiria kwanza.

Sola na mkono

Kipaneli cha sola kilichobandikwa mgongoni mwa redio huuzwa kwa maneno mengi. Pima uwezo wake. Kipaneli cha nusu wati kinahitaji zaidi ya saa 7 za jua kali kujaza betri ya BL-5C, na kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani, weka hesabu ya siku mbili. Tatizo lingine ni kwamba redio lazima ikae juani ili ichaji, na joto huiua betri ya lithiamu. Kuichaji katika nyuzijoto zaidi ya 45 hufupisha maisha yake, na plastiki nyeusi iliyoachwa juani Korogwe mchana hufika huko haraka. Suluhisho ni paneli ya pembeni yenye waya: paneli juani, redio kivulini.

Redio ya kuzungusha kwa mkono ilibuniwa mwaka 1991 na Mwingereza Trevor Baylis, baada ya kutazama kipindi kilichoeleza jinsi elimu ya UKIMWI ilivyoshindwa kuwafikia watu wengi wa Afrika. Zikaja kutengenezwa Cape Town, Afrika Kusini, kwa jina la Freeplay. Wazo lake ni la thamani hadi leo: betri zikikwisha usiku wa mafuriko, mkono wako unatosha kusikia taarifa. Lakini dakika ya kuzungusha hukupa dakika chache tu za kusikiliza, na gia ndogo za plastiki huvunjika. Mkono uwe akiba ya dharura, usiwe tegemeo la kila siku.

Vumbi, maji na kuanguka

Redio iliyopimwa kwa kinga huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, na mwisho wake ni 6, yaani vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni marashio kutoka pande zote, 5 ni maji ya bomba yanayorushwa, 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Redio ya IP54 inatosha kwa ujenzi na shamba. IP67 inafaa machimboni na kwenye matope. Ukiona IPX4, herufi X ina maana kinga ya vumbi haikupimwa. Na kipimo hufanywa kwenye kifaa kipya: kifuniko cha mpira cha tundu la chaja kikishakatika, kinga imeondoka.

Redio nyingi za bei nafuu hazina alama hiyo. Zichukulie kuwa hazina kinga, kisha uzilinde mwenyewe. Ndoo ya plastiki iliyolazwa ubavu ni kibanda kizuri cha redio: huzuia mvua na vumbi, na husukuma sauti mbele. Ya chuma isitumike, itazuia mawimbi.

Kwa kuanguka, angalia pembe. Redio za kazini huwa na pembe za mpira au fremu inayotangulia kugusa chini kabla ya kioo na vitufe. Mshikio uwe mnene. Kifuniko cha betri kiwe na kifungo imara, maana ndicho cha kwanza kupotea. Mianya ya nje, matundu ya flashi na kadi ya memori yasiyo na kifuniko, yote ni milango ya vumbi. Kama huhitaji flashi, redio isiyo na tundu hilo itadumu zaidi.

Sauti na masikio

Usisome wati zilizoandikwa PMPO kwenye boksi. Ni namba za biashara. Redio ndogo inayotumia betri za volti 6 haiwezi kutoa wati 1,000, na nyingi hutoa kati ya nusu wati na 2. Cha kupima ni uwazi wa maneno: simama hatua 15 kutoka kwenye redio, usikilize taarifa ya habari. Kama kila neno linafika bila kukwaruza, inatosha.

Kelele ya zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huharibu masikio polepole na bila kurudi. Penye mashine ya kusindika mkonge, msumeno wa mnyororo au mashine ya kusaga mawe, kelele hupita hapo. Kupandisha redio ishinde mashine ni kuongeza madhara. Alama rahisi: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, hapo si mahali pa redio. Izime, isikilize wakati wa mapumziko. Visikizio vya masikioni visivaliwe karibu na mashine, gari linalorudi nyuma au shimo la mgodi, wala ukiwa unaendesha bodaboda. Mtu asiyesikia onyo hawezi kukwepa.

Dukani

Iwe Chanika mjini Handeni au Manundu mjini Korogwe, usinunue redio iliyofungwa kwenye boksi. Nenda na betri zako mpya. Iwashe, itoe nje ya duka na utafute stesheni unazozijua. Punguza sauti hadi mwisho kisha ipandishe. Kitufe kikikwaruza kingali kipya, kitakuwa kero baada ya vumbi. Itikise: kisisikike kitu kinachocheza ndani. Minya mwili wake kwa vidole. Plastiki inayobonyea haitavumilia. Geuza uangalie mgongo: skrubu ni jambo jema, gundi ni jambo baya, kwa sababu fundi redio wa mjini kwako ataifungua ya skrubu na kuitengeneza.

Soma jina herufi kwa herufi. Majina makubwa kama Sony na Panasonic huigwa kwa kubadili herufi moja. Dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Bila hizo huna cha kumwonyesha muuzaji redio ikifa wiki ya pili. Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani.

Na usichanganye redio ya kusikiliza na redio ya upepo, ile ya kuongea pande mbili. Hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Msimamizi wa kazi anayetaka kuwasiliana na vijana wake kwa njia hiyo aanze na leseni.

Utunzaji

Usichanganye betri mpya na za zamani, wala aina mbili. Dhaifu hushindwa mapema na kuvuja. Redio isiyotumika wiki kadhaa itolewe betri. Ukikuta unga mweupe kwenye springi ya betri za alkalini, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, kisha urudishe betri nyingine. Kuanika betri kavu juani huipa nguvu ya muda mfupi tu na huiharakisha kuvuja; kuitupa motoni ni hatari, hulipuka. Betri ya lithiamu iliyovimba iache kutumika siku hiyohiyo, usiitoboe. Betri zilizokwisha zisiwe vichezeo vya watoto, na ule unga mweusi wa ndani usitumike kwa kazi yoyote.

Jioni ifute redio kwa kitambaa kikavu, au chenye unyevu kidogo. Ikiingia maji, toa betri kwanza, ifungue, ikaushe kivulini siku mbili kabla ya kuwasha. Usiibanike jikoni.

Hukumu

Kwa anayefanya kazi mbali na nguzo za TANESCO, chaguo la kwanza ni redio ya FM na MW yenye antena ndefu, betri kubwa, skrubu mgongoni na bila matundu mengi. Kwa fundi mwenye umeme na drili za betri, redio ya eneo la ujenzi inayotumia betri za drili yake ni bora kuliko zote. Kwa anayehamahama na mifugo, ndogo ya kuchaji yenye paneli ya pembeni na betri inayobadilika inatosha. Na kwa wote watatu sharti ni moja: usitoe pesa kwa redio ambayo hujaisikia, kwa masikio yako, ikishika stesheni unayoihitaji.